Mume wangu amepona, mimi ndo silali

Swali

"Shikamoo daktari. Nipo Tanga, miaka 37, mama wa watoto wawili. Mume wangu ana 46, anauza spea za pikipiki. Wiki kumi zilizopita baada ya Magharibi akaanza kulalamika kiungulia, nikampa ENO na chai ya tangawizi nikamwambia ajilaze. Saa nne usiku jasho likaanza kumtoka kama kamwagiwa maji, nikamwita shemeji tukampakia kwenye gari ya jirani, na mwanangu wa miaka 8 aking'ang'ania akapanda na yeye. Kufika hospitali, pale pale mapokezi mbele ya dirisha la kulipia, akaanguka. Akawa anakoroma halafu akanyamaza. Wakaja mbio, wakamkata shati kwa mkasi, wakaanza kumkandamiza kifua, wakaleta mashine wakamshtua mara mbili, mimi nimesimama tu na pochi mkononi. Moyo ukarudi. Baadae tukapewa rufaa Dar akazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, sasa yuko nyumbani. Kila mtu ananiambia nishukuru, na nashukuru. Lakini silali, usiku kucha namulika kifua chake na simu kuangalia kama kinapanda, akikoroma naruka. Yeye amekuwa msahaulifu, hasira za karibu, na siku ile haikumbuki hata kidogo. Mama mkwe anasema nilimchelewesha, mawifi wanasema kuna mkono wa mtu. Najiona mkosefu wa shukrani. Je naumwa au imani yangu ndo ndogo? Na lile shati manesi walinipa kwenye mfuko, liko chini ya kitanda mpaka leo, sijui nilifanyeje."

Jibu

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kwanza nivue hilo koti la udaktari ulilonivisha, mimi nilikuwa nesi wa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, miaka 14 kabla sijaenda kusomea saikolojia, kwa hiyo lile pazia nimekaa pande zote mbili, upande wa kukandamiza kifua na sasa upande wa kukaa na wale waliokuwa wamesimama na pochi mkononi. Na nikwambie ukweli ambao sijivunii, miaka yote ile ya ICU watu wa pochi sikuwahi kuwaangalia vizuri. Tulikuwa tunawaambia "mama subiri nje" basi, tunafunga mlango. Mgonjwa akipona tunapongezana, yule aliyesubiri nje anapewa karatasi ya dawa na tarehe ya kliniki, hakuna anayemuuliza na wewe umelala?

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba unaumwa, na imani yako haina kosa lolote. Unaweza kuamka alfajiri ukaswali na kushukuru kwa moyo wote na bado mikono ikawa inatetemeka unavyokunja mswala, hivyo vitu viwili havifutani.

Tuanze na ENO maana najua hiyo ndo inakutafuna kuliko yote, hata kwenye barua umeiweka mwanzoni mwanzoni kama mtu anayeungama. Watu wengi wanachanganya mambo mawili, na ndugu wakichanganya wanakuhukumu kwa kitu ambacho hakikutokea. Jioni ile mshipa unaolisha msuli wa moyo ulikuwa unaziba, hilo ndo shambulio la moyo, na muda wote huo moyo unapiga, mtu anaongea, anatembea, anakunywa chai yake. Baadae msuli uliokosa damu ukavuruga umeme wa moyo, moyo ukabaki unatetemeka tu bila kusukuma damu, huko ndo kusimama kwa moyo, na hilo lilitokea ukiwa tayari umeshamfikisha. Sasa saa moja usiku ulikuwa na nini cha kukuambia kwamba kile kiungulia sio kiungulia? Hospitali wenyewe hawaamini maneno ya mgonjwa kwenye hili, wanamfunga waya za ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kifuani na kumpima damu ndo wajue. Wewe ulikuwa na kijiko na glasi.

Sitakudanganya kwamba masaa matatu hayana maana, yana maana, msuli wa moyo kadri unavyokaa bila damu ndo unavyozidi kufa, kwa hiyo siku nyingine kifua kikibana na jasho la baridi likatoka, au maumivu yakashuka mkononi au kupanda taya, hakuna ENO, ni hospitali moja kwa moja. Lakini hiki unakijua leo. Unamhukumu mwanamke wa saa moja kwa kitu alichokuja kukijua mwanamke wa saa nne, na saa nne huyo mwanamke alifanya nini? Aliita shemeji, akatafuta gari, akaondoka. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa, nafasi ya kuishi inapungua kwa asilimia 7 mpaka 10, na ubongo unaanza kuumia ndani ya dakika nne tano hivi. Hata nchi zenye ambulensi kila kona, wanaosimama moyo nje ya hospitali wakaja kutoka hai ni kama mmoja kati ya kumi, sembuse kwetu ambako ambulensi ya wengi ni bajaji. Mumeo moyo wake ulisimama hatua chache kutoka kwenye mashine. Nani alimsogeza hizo kilomita mpaka pale? Ungeamua mngoje kukuche ungekuwa umeniandikia barua nyingine kabisa.

Sasa hilo la kukoroma. Umeliandika kwa nusu mstari lakini mimi nimelisoma mara tatu. Ule mkoromo wa mapokezi haukuwa usingizi na hakuwa anapumua kweli, zile ni pumzi ambazo ubongo unazitupa moyo ukishasimama, mdomo unafunguka kama wa samaki aliyetolewa majini, sauti inatoka kooni, halafu kimya. Wengi zinawadanganya, wanasema aah anapumua huyo mwacheni apumzike, na hapo ndo muda unapotea. (Nimeona hata wahudumu wa afya wakidanganyika, kwa hiyo usishangae.) Wewe ulisikia ile sauti, ikaja kimya, ukaja mkasi. Mwili wako ukaweka kumbukumbu moja tu, fupi, kwamba huyu mtu akikoroma anakufa. Na mwanaume wa miaka 46 akilala chali atakoroma tu, kwa hiyo kila usiku mumeo analala nyumbani Tanga na wewe unarudishwa mapokezi mbele ya dirisha la kulipia.

Hiki kinaitwa kiwewe, na sio neno la kutania. Mtu akishuhudia kifo kikimjia mpenzi wake, wiki za mwanzo kukosa usingizi, kushtuka, kuona picha za tukio zikijirudia ni kawaida, mwili unajipanga. Ikipita mwezi mmoja na bado iko vile vile au inazidi, hapo tunasema sasa ni ugonjwa na unatibika. Wewe una wiki kumi. Na sio wewe peke yako, kwenye hii kazi tunajua kabisa kwamba familia za waliosimama moyo zinapata kiwewe sana, mara nyingine kuliko mgonjwa mwenyewe, na sababu ukiifikiria ni rahisi mno: yeye alikuwa amezimika, wewe ndo ulikuwa macho. Hakumbuki chochote cha siku ile kwa sababu ubongo uliokosa oksijeni hauweki kumbukumbu. Tukio lilikuwa la kwake lakini kumbukumbu zote umebaki nazo wewe, na akikuuliza "mbona unalia wakati mimi mzima" anauliza kwa dhati, hajui unalia nini maana hakuwepo.

Wapenzi wa mpira mtakumbuka tarehe 12 Juni 2021, Copenhagen, Denmark na Finland, mchezaji wa Denmark Christian Eriksen alivyoanguka peke yake kabla ya mapumziko, moyo ukasimama. Dunia nzima ilimuangalia Eriksen na kweli alipona, akawekewa kifaa cha kushtua moyo kifuani, na Februari 2022 akarudi uwanjani na klabu ya Brentford ya Uingereza. Lakini mimi siku ile nilikuwa namuangalia Simon Kjær, nahodha. Alikuwa kati ya waliomfikia mwanzo, wachezaji wakamzunguka mwenzao kumkinga na kamera, wengine machozi yanawatiririka, halafu Kjær na kipa Schmeichel wakaenda kumshika mwenzi wa Eriksen aliyekuwa ameshuka uwanjani. Mwanaume alifanya kila kitu sawasawa. Mechi ikaendelea usiku ule ule, akarudi kucheza, na kipindi cha pili kocha akamtoa, akaeleza baadae kwamba Kjær alikuwa ameguswa sana hawezi kuendelea. Na hapo wameshaambiwa Eriksen yuko hai na anaongea! Kwa hiyo habari njema haikuutuliza mwili wake, kama ambavyo haijautuliza wa kwako. Mwonyeshe na mumeo hilo kama ni mtu wa mpira, huenda akakuelewa kuliko ukimwambia kwa maneno yako.

Na wenye fani wameshalikubali hili rasmi, usione kama ni mimi tu nakubembeleza. Mwaka 2020 chama cha moyo cha Marekani kiliongeza kiungo cha sita kwenye mnyororo wa kuokoa maisha, yaani zile hatua zinazofuatana za kumwokoa aliyesimama moyo, nacho ni kupona baada ya kutoka hospitali, na mwongozo wa Ulaya wa 2021 unasema aliyepona aonwe tena ndani ya miezi mitatu, apimwe kumbukumbu, hisia na uchovu, na familia yake ipewe maelezo na msaada. Familia imeandikwa humo kwa jina lake. Huku kwetu hujaitwa, basi jiite mwenyewe.

Usiku tufanyeje? Sikwambii uache kumulika, nikikwambia uache utamulika kwa siri na sasa utaongeza na aibu. Chukua daftari la mtoto, kila ukimulika andika saa. Siku tatu hivi utajua unamulika mara ngapi, wengi wakihesabu wanashtuka, nilishakuwa na mama mmoja alifika mara 31. Halafu punguza kidogo kidogo, na badala ya tochi weka kiganja mgongoni kwake, mara moja, hesabu pumzi tano, toa mkono, geuka upande wako. Simu ilale sebuleni. Ukiruka kwa mkoromo weka miguu sakafuni, sakafu iwe baridi, na sema kwa sauti japo ya kunong'ona, leo ni Jumatano, niko chumbani kwangu, amelala, huu ni usingizi. Utajiona kama chizi siku ya kwanza. Mwili unahitaji kuambiwa tarehe, ndo maana yake. Mlaze ubavu, kukoroma kutapungua, na kama anakoroma sana halafu pumzi inakatika kabisa sekunde kadhaa ndo anashtuka kwa nguvu, hilo mwambieni daktari wa moyo maana ni tatizo la usingizi linaloutesa moyo, na linapimika.

Halafu usiku mbili kwa wiki shemeji alale chumba hicho na wewe ukalale na watoto, mlango umefungwa. Najua utasema je likitokea usiku wa shemeji. Shemeji ndo aliyembeba kwenye gari. Hata sungusungu wana zamu.

Ila tafadhali, usiende duka la dawa kununua valiamu. Najua zinapatikana na najua kuna jirani atakuletea. Zinalaza mwili usiku mmoja, kiwewe hazikigusi, zinaweza kukirefusha, na kuziacha ni kesi nyingine. Tiba ya kiwewe ni ya kuongea, lakini sio kuongea kule kwa barazani, ni kurudia tukio taratibu mbele ya mtu aliyesomea mpaka liache kukuvamia, kwa kawaida vikao nane mpaka kumi na mbili, na kama sonona imeshaingia kuna dawa zake anazoandika daktari. Pa kuanzia ni pale pale mnapoenda kliniki ya moyo, siku ya zamu yake na wewe uongee, waambie silali wiki ya kumi naomba nionwe. Hospitali za mikoa zina kitengo cha afya ya akili na zina maofisa ustawi wa jamii, mlango wa ustawi ndo rahisi kuuingia maana hakuna atakayekuona pale akasema umechanganyikiwa. Na ikifika siku ukajikuta unawaza bora usingekuwepo, usingoje kliniki, mwambie shemeji siku hiyo hiyo na muende hospitali usiku huo huo kama mlivyompeleka yeye.

Tuje kwa mumeo. Usahaulifu na hasira vinatoka sehemu moja, dakika zile ubongo ulikosa oksijeni na sehemu ya kumbukumbu mpya ndo dhaifu kuliko zote kwa hilo. Anaweza kukumbuka bei ya kila spea ya 2015 akasahau ameulizwa nini saa hii. Anachoka haraka, na mwanaume aliyezoea kubeba duka zima kichwani akijikuta hakumbuki kama amekula, hasira ndo kitu cha kwanza kinachotoka. Wengi wanaendelea kupata nafuu hasa miezi ya mwanzo, wengine kuna kitu hakirudi chote. Kwa hiyo kuna siku utamkumbuka mumeo wa zamani huku wa sasa amekaa mbele yako anakunywa uji, na huko sio kumtakia mabaya. Unaomboleza kitu kilichopotea na kupotea kwake hakuna mtu aliyekuletea pole. Ombeni apimwe kumbukumbu. Nyumbani, karatasi ukutani ya dawa na saa, jambo moja kwa wakati mmoja, TV imezimwa mnapoongea mambo ya maana, mapumziko mchana bila kuonekana mvivu. Dukani aanze na masaa mawili.

Siku moja, mchana, sio usiku, msimulie siku ile. Yote, kuanzia ENO. Wengi wa hawa waliopona wanataka kujua na wanaogopa kuuliza wasikuumize, na wewe unaogopa kusema usimuumize yeye, mnakaa nyumba moja kila mtu analinda siri ambayo ni ya wote wawili.

Mambo ya chumbani hujauliza, na hawaulizi, kwa hiyo naongeza mwenyewe. Ukimkwepa kwa kuogopa moyo, mwambie ndo sababu, la sivyo atafikiri umemchoka. Kwa kawaida mtu anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa haraka bila kifua kubana wala pumzi kumwishia, moyo wake unaweza na hilo, ila muulizeni daktari wake akishamwona. Kinachonitisha mimi ni zile dawa za nguvu za kiume za kununua mtaani. Kama ana kidonge cha kuweka chini ya ulimi au nyingine za jamii hiyo za kutanua mishipa, vikikutana presha inaporomoka na anaweza kuanguka tena. Mwambie waziwazi.

Mama mkwe. Nimecheka kidogo kwa uchungu maana huyu mama yuko kwenye kila barua. Alikaribia kumzika mwanae, hofu yake haina pa kwenda, na wewe ndo wa karibu. Usibishane naye sebuleni, hutashinda. Kliniki ijayo nenda naye, mkiwa mbele ya daktari uliza swali moja tu: dokta, tulifika kwa wakati? Mwache yeye ajibu. Wazee wetu maneno ya mkwe yanapita sikio hili yanatokea lile, ya daktari watayarudia mtaa mzima.

Na hao wa mkono wa mtu, kifo cha ghafla au kukoswa na kifo cha ghafla kwetu lazima atafutwe aliyefanya, kwa sababu mshipa ulioziba hauna sura ya kuuchukia. Kama wanataka kisomo, kisomwe, dua haijawahi kugombana na stenti. Mpaka wangu ni mmoja na hapo uwe mkali hata kama hujawahi kuwa mkali: dawa zisiachwe hata siku moja bila daktari kusema. Ile stenti ni kijibomba cha waya kilichobaki ndani ya mshipa, zile dawa za kuzuia damu isigande ndo zinakifanya kisizibe ghafla, na mganga anayesema acha vya hospitali kwanza ili changu kifanye kazi anacheza na maisha yake.

Wageni wa kujulia hali nao wapangie, kati ya Alasiri na Magharibi basi. Anayesema "ukihitaji chochote niambie" mwambie hapo hapo: mpeleke mtoto madrasa kesho, au kaa na shemeji yako saa moja mimi nilale. Kumi wakikuuliza utawapikia chai kumi, mmoja akikulaza saa moja amekusaidia kuliko hao wote.

Mtoto umemtaja mara moja tu, kwenye gari, halafu akapotea. Alikuwa wapi wakati shati linakatwa? Nani alimshika? Kama hujui, ndo swali la leo jioni. Muulize aliona nini, usimsahihishe haraka. Watoto wa umri ule pasipoelezwa wanajaza wenyewe, na mara nyingi wanajaza na kosa lao, kwamba baba alianguka kwa sababu mimi nililia nipande gari. Mwambie kwa lugha ya dukani kwa baba yake, kwamba cheni ya moyo wa baba ilichomoka, wakairudisha, na ndani wamefunga spea mpya. Usimwambie baba alilala, ataogopa kulala na ataogopa baba akilala. Mwalimu wake ajue. Na akianza kukojoa kitandani au kugoma kubaki na baba peke yake, na yeye aonwe.

Kitu kingine ambacho kwa uzoefu wangu kinasaidia wengi, ingawa sio wote: mkajifunze kukandamiza kifua, wewe, shemeji na mtoto wako wa kwanza kama ameshakuwa mkubwa. Msalaba Mwekundu wanafundisha huduma ya kwanza. Mikono katikati ya kifua, kina cha sentimita tano mpaka sita, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kusita hata mbavu ikilia. Uliumia kwa kusimama na pochi, mikono haina kazi. Mikono ikishajua cha kufanya, kichwa nacho kinatulia kidogo. Ila usiende wiki hii, kwanza ulale.

Na wenzetu mnaosoma hapa ambao kwenu moyo haukurudi, msione hili jibu ni la waliobahatika tu. Kitu ambacho wajane wananiuliza kuliko vyote ni kama aliteseka, na jibu ni kwamba moyo ukisimama fahamu zinaondoka ndani ya sekunde chache, hazifiki ishirini, zile pumzi na mikono kutikisika mlivyoviona yeye hakuwepo kuvihisi. Aliyekandamiza kifua na mtu akafa hakumuua, alikuwa anamkandamiza mtu ambaye moyo wake tayari umesimama. Eda inakupa ukimya lakini kama kila ukifumba macho unaona sakafu ya mapokezi, kwenda kutibiwa ni dharura na hakuna shehe mwenye elimu atakayekukatalia, muulizeni tu. Na kama aliyefariki alikuwa kijana na sababu haikujulikana, ndugu zake wa damu wapimwe moyo, ECG na ultrasaundi ya moyo, maana kuna magonjwa ya umeme wa moyo yanayorithiwa. Hayo mazungumzo ya kurogwa mara nyingi yanazuia kipimo ambacho kingemwokoa mdogo wake.

Narudi kwako, kwenye shati. Usilitupe leo, na pia lisilale chini ya kitanda unacholalia, toa usiku huu kabla ya Isha uliweke stoo au kabatini juu. Kuna wanaochoma, kuna wanaofua na kushona, nilimwona baba mmoja Morogoro amelihifadhi la kwake na vishikizo vilivyokatika kwenye bahasha. Usiamue peke yako. Siku ile utakayomsimulia, ukifika pale kwenye mkasi, ulilete umwonyeshe, umuulize yeye anataka lifanyweje. Ni shati lake.